Figo "zimekufa" au zimeumia? Uzi kuhusu seli iliyojeruhiwa ambayo bado inaweza kurudi

Mwanamaabara (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, naomba mvumilie.

Mwaka juzi wifi yangu alijifungua salama, mtoto akalia, tukashangilia. Haikupita nusu saa damu ikaanza kumtoka na haikutaka kukatika. Aliongezewa chupa 4, akaingizwa chumba cha upasuaji, damu ikakoma alfajiri. Kulipokucha, mfuko wa mkojo ulioning'inia kando ya kitanda ulikuwa na kitu kama vijiko viwili tu, rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu mtu mmoja wa zamu akamwambia kaka yangu pale koridoni, "Figo zimekufa," akapita zake.

Kaka alinipigia usiku huku analia. Alikuwa ameshaanza kuulizia nani kwenye ukoo anaweza kutoa figo. Mimi kazi yangu ni maabara ya patholojia: nakata vipande vya viungo vya wagonjwa, navipaka rangi, naviandaa kwa ajili ya hadubini. Figo iliyonyimwa damu kwa saa kadhaa naijua sura yake. Nikamwambia, "Kaka, subiri. Zimeumia. Kama zimekufa, hilo bado hatulijui."

Tangu siku hiyo nina deni la kueleza tofauti ya hayo maneno mawili, maana kila wiki nasikia mtu kaambiwa ini limeoza, figo zimekufa, moyo umekufa nusu, na familia nzima inaondoka hospitali na neno moja lisilo sahihi.

Tuanze na ninachokiona. Kipande cha figo nakikata chembamba sana, ukigawa milimita moja mara 1,000, unene wake ni kama vipande 5 tu vya hapo, yaani wembamba kushinda unywele mara nyingi. Rangi tunazotumia zinafanya kiini cha seli kiwe zambarau na mwili wake uwe waridi. Kwenye figo nzima, seli za mirija (vibomba vidogo vinavyopitisha mkojo ndani ya figo) zimejipanga duara kama watu waliozunguka sinia, waridi iliyoiva, na upande wa ndani zina nywele fupi zilizosongamana kama brashi. Hizo nywele ndizo zinazonyonya maji, chumvi na sukari kurudisha mwilini.

Sasa weka figo iliyokosa damu. Seli zimevimba. Waridi imepauka, ndani yake kuna vishimo vyeupe vilivyojaa maji. Tundu la katikati limebanwa kwa sababu seli zimenenepa kuelekea ndani. Ile brashi imekatika na vipande vyake vinaelea. Ukiwahi kuishika figo ya namna hii mkononi, ni nzito kuliko kawaida na imepauka, na ukiipasua kwa kisu nyama inatuna juu ya ukingo wa ngozi yake.

Mtu asiyezoea akiangalia hapo atasema kila kitu kimeharibika. Macho yangu mimi yanatafuta kiini kwanza. Kama kiini kipo, duara lake safi, ukingo wake unaonekana, basi seli ile inaumwa lakini ni hai.

Kwa nini inavimba? Wale wa pwani watanielewa haraka. Seli ni kama ngalawa ambayo haijawahi kuziba kabisa: maji na chumvi yanapenya muda wote, na ndani kuna mfuta maji asiyelala. Mfuta maji huyo ni pampu iliyo kwenye utando wa seli. Kila mzunguko inatupa nje sodiamu 3 na kuingiza potasiamu 2. Aliyeigundua ni Mdenmaki, Jens Christian Skou, aliyekuwa akichunguza neva za miguu ya kaa; aliandika mwaka 1957, na Nobeli akaipata 1997, miaka 40 baadaye. Pampu hii inakula sehemu kubwa sana ya nishati ya seli, na chakula chake ni ATP, yaani nishati ya seli, inayotengenezwa kwa oksijeni na mitokondria, ambazo ni majiko madogo ndani ya seli.

Damu ikikatika, oksijeni inakatika, ATP inaporomoka, mfuta maji anaishiwa nguvu. Sodiamu inabaki ndani, na maji yanaifuata. Seli inavimba. Wakati huohuo inajaribu kujiokoa kwa kuchoma glukosi bila oksijeni, njia inayotoa ATP 2 tu kwa kila glukosi badala ya 30 hivi. Asidi inarundikana. Ribosomu, yaani viwanda vya protini vya seli, zinabanduka mahali pake, utengenezaji wa protini unasimama. Mitokondria nazo zinavimba. Utando wa nje unatoa malengelenge.

Wakuu, yote niliyoyataja hapo juu yanarudi. Damu ikifika kwa wakati, mitokondria zinawaka tena, pampu inaanza kazi, maji yanatolewa, malengelenge yanazama, ribosomu zinarudi kazini.

Mpaka uko wapi? Unavukwa pale mitokondria zinaposhindwa kuwaka hata oksijeni ikirudi, na utando unapotoboka kweli, vya ndani vikamwagika nje. Kwenye slaidi kiini ndicho kinachotoa taarifa: kinasinyaa na kuwa cheusi, au kinavunjika vipande, au kinafifia mpaka panabaki kivuli. Hapo hakuna dawa ya kuirudisha seli ile.

Haya mambo si mapya. Rudolf Virchow alikuwa akiwafundisha madaktari wa Berlin mwaka 1858 kwamba ugonjwa wautafute ndani ya seli, na huo uvimbe wa seli aliueleza wakati huo.

Nitaendelea na habari ya wifi. Maswali karibuni.

Bi Mkubwa wa Pangani

Mwanangu, ubarikiwe. Huo mfano wa mfuta maji umenifikisha kwa marehemu baba yangu, alikuwa hatui upo (chombo cha kufutia maji) mkononi tangu tunatoka mpaka tunafika. Sasa tuambie, wifi yako alikuwaje? Na mlijuaje kama figo zimeumia tu, maana hamkumkata figo mkaangalia.

Mwanamaabara

Shikamoo mama. Kweli, hakukatwa kipande cha figo. Mgonjwa aliyetoka kuvuja damu humchomi sindano ya figo bila sababu nzito.

Nilifanya nililoweza. Niliomba kichupa cha ule mkojo kidogo, nikauzungusha kwenye mashine, nikaweka tone la mashapo chini ya hadubini. Kulikuwa na vijiti vya kahawia, punje punje kama matope yaliyokaukia ndani ya bomba. Vile ni vipande vya seli za mirija vilivyobanduka na kugandamana mle ndani mpaka vikachukua umbo la mrija. Ndiyo maana mkojo hautoki: bomba limeziba kwa taka zake, na maji mengine yanavuja kurudi nyuma.

Sasa nisiwadanganye. Vile vijiti maana yake kuna seli zilizokufa. Kwenye figo moja iliyojeruhiwa unakuta makundi matatu kwa pamoja: zilizokufa na kubanduka, zilizovimba zinazopigania kurudi, na ambazo hazijaguswa. Zinazoumia mapema zaidi ni za mirija iliyo ndani kidogo ya figo, sehemu ambayo hata siku njema oksijeni yake ni ya kubana, na kazi ya kusukuma chumvi ni kubwa mno.

Uzuri wa figo ni kwamba ule msingi ambao seli zinakaa juu yake mara nyingi unabaki mzima. Seli zilizopona zinajitandaza, zinakuwa bapa kama chapati ili kufunika pengo la jirani aliyekufa, halafu zinagawanyika, halafu polepole zinainuka na kuotesha brashi upya. Hiyo kazi inachukua wiki moja mpaka tatu. Swali la hospitali linakuwa moja: mgonjwa atavukaje hizo wiki bila potasiamu kumsimamisha moyo na bila maji kujaa mapafu?

Hapo ndipo mashine ya kusafisha damu inapoingia, na mwanzo wake ulikuwa hivyo hivyo. Daktari Willem Kolff alitengeneza yake katika mji wa Kampen, Uholanzi, wakati wa vita, nchi ikiwa chini ya Wajerumani. Alitumia selofani ya kufungia soseji, akaizungusha kwenye pipa la mbao. Wagonjwa wake wa mwanzo walifariki karibu wote. Septemba 1945 akaletewa mama wa miaka 67 aliyezimia kwa sababu figo zilisimama ghafla. Baada ya saa 11 za mashine alizinduka. Ile mashine haikutibu figo hata kidogo. Ilimshikilia hai, figo zikajitibu zenyewe, na yule mama akaishi miaka mingine kadhaa.

Wifi alisafishwa damu mara 4. Siku ya 11 asubuhi kaka akanitumia picha ya mfuko wa mkojo, ujumbe hakuna, picha tu. Ulikuwa nusu, na ulikuwa wa njano.

Bi Mkubwa wa Pangani

Alhamdulillahi. Hata mimi machozi yamenitoka.

Nesi Zamu ya Usiku

Dada Mwanamaabara, naomba niongeze la wodini, maana sisi ndio tunaoiona hiyo seli kupitia mfuko wa mkojo.

Kipimo chetu ni nusu mililita kwa kila kilo kwa saa. Mama wa kilo 60, tunategemea angalau mililita 30 kila saa. Ikishuka chini ya hapo saa kadhaa mfululizo, tunamwita daktari usiku huohuo, hatungoji raundi ya asubuhi. Huo ndio muda ambao seli bado zinavimba na hazijabanduka. Ndugu wa mgonjwa, msione aibu kuuliza "mkojo umetoka kiasi gani?" Ni swali zuri kuliko mengi mnayotuuliza.

La pili, dawa za maumivu. Mtu ana kuhara na kutapika siku mbili, maji yamemwisha, halafu anameza daiklofenaki za duka la jirani kwa ajili ya mwili kuuma. Dawa hizo zinabana njia ya damu inayoingia kwenye chujio la figo wakati ambapo figo inahangaikia kila tone. Kuna na jentamaisini, sindano nzuri ya kuua bakteria inayookoa watu, lakini inajikusanya ndani ya seli zilezile za mirija. Ndiyo maana tunahesabu siku zake.

Mwanamaabara

Ahsante sana dada. Hilo la kutongoja asubuhi ndilo ningependa watu walikariri.

Na ile siku ya 11, naomba niseme pia kwamba hatari ilikuwa haijaisha. Wifi alifika lita 5 kwa siku. Watu wakafurahi kupita kiasi. Seli mpya zilikuwa bado bapa, hazina brashi, haziwezi kunyonya maji na chumvi kuvirudisha, kwa hiyo vinapita moja kwa moja. Ilibidi arudishiwe maji na potasiamu kwa vipimo.

Kijana wa Mwenge

Mkuu, mzee wangu kapigwa ultrasaundi, karatasi imeandikwa ini lina mafuta. Mtaani wanasema ini likishaingia mafuta ndio linaoza hilo. Mzee anakunywa, sitaficha. Hilo nalo linarudi?

Mwanamaabara

Pole kwa hofu, mkuu. Mafuta kwenye seli ya ini ni sura nyingine ya jeraha linaloweza kurudi, ni pacha wa ule uvimbe wa maji.

Chini ya hadubini ni picha ya ajabu kidogo, kwa sababu mafuta yenyewe siyaoni. Alikoholi na zailini tunazoandalia kipande zimeshayayeyusha. Ninachoona ni tundu jeupe, duara kamili, limejaa seli nzima, na kiini kimesukumwa pembeni kama pete yenye kito. Nikitaka kuyaona mafuta inabidi nikigandishe kipande kwa baridi na kutumia rangi nyekundu maalumu.

Ini linapokea mafuta kutoka sehemu mbalimbali za mwili. Mengine linayachoma, mengine linayafunga pamoja na protini na kuyatuma nje kwenye damu. Pombe inavuruga pande zote mbili: seli inaacha kuchoma mafuta ili ishughulike na pombe kwanza, na mapya yanatengenezwa kwa wingi. Yanarundikana. Akiacha pombe kabisa, mafuta hayo kwa kawaida yanaondoka ndani ya wiki 4 mpaka 6 hivi. Kabisa, mkuu, si kupunguza. Uzito mkubwa na kisukari vinaleta mafuta yaleyale, na huko dawa ya kwanza ni kupunguza kilo.

Kuna mtoto pia. Daktari Cicely Williams, akiwa nchi ambayo leo ni Ghana, aliandika miaka ya 1930 kuhusu watoto waliovimba miguu, nywele zikabadilika rangi, na akalichukua jina lao kutoka lugha ya Kiga: kwashiakoo. Watoto hao ini lao limejaa mafuta, na hawajawahi kuonja pombe. Mzigo upo, lori hakuna: protini ya kuyafunga mafuta na kuyasafirisha haipo kwa sababu mtoto anakula uji mtupu. Akilishwa kwa utaratibu, ini lake linasafika.

Kwa mzee wako, shida inakuja seli zikijeruhiwa mwaka baada ya mwaka mpaka zinaanza kufa na kovu linajengeka. Mwombeni daktari aangalie kama kuna kovu. Kama ni mafuta tu, mkalisheni mzee leo.

Mwalimu wa Bailojia

Uzi mzuri. Swali la darasani kwangu: kwa nini ubongo tunaambiwa dakika chache tu, na mguu unaweza kufungwa mkanda wakati wa upasuaji hata muda wa saa 2 na ukapona?

Mwanamaabara

Kila seli na saa yake, mwalimu. Seli za ubongo hazina akiba ya kutosha ya chakula, na matumizi yao ni makubwa. Zikikosa damu kabisa, dakika 3 mpaka 5 zinatosha kuanza kuzipoteza. Misuli ya mguu ikiwa imetulia inatumia kidogo, ina akiba yake ya glaikojeni (sukari iliyohifadhiwa), inavumilia.

Moyo uko katikati, na ndio ulionifundisha zaidi. Mshipa wa moyo ukiziba, sehemu husika inaacha kujikunja ndani ya dakika moja. Ukiiangalia utasema imekufa. Lakini seli zake kwa dakika 20 au 30 za kwanza bado ni hai, zimekaa kimya kubana matumizi. Hata damu ikirudi, nyama hiyo inaweza kubaki bila kujikunja vizuri kwa saa au siku kadhaa. Imepigwa bumbuwazi. Halafu inaanza tena.

Na mwaka 1986 Murry, Jennings na Reimer, watafiti wa Marekani, waliziba mshipa wa moyo wa mbwa dakika 5, wakaufungua dakika 5, mara 4 mfululizo, ndipo wakauziba dakika 40. Ungetegemea moyo uharibike zaidi kwa sababu umeteswa zaidi. Sehemu iliyokufa ilikuwa robo tu ya ile ya mbwa ambao hawakupitia zile dakika 5. Seli iliyojeruhiwa kidogo ilikuwa imejiandaa.

Maandalizi ya namna hiyo yapo mengi. Mwaka 1962 Mwitaliano Ferruccio Ritossa aliona kwamba seli za nzi wa matunda zikipata joto kali zinawasha jeni fulani ghafla. Baadaye ikajulikana jeni hizo zinatengeneza protini za kukunjua na kukunja upya protini nyingine zilizoharibika. Tena seli inaweza kuzimeza mitokondria zake zilizochakaa na kuzivunja ipate vipuri. Yoshinori Ohsumi wa Japani alipewa Nobeli 2016 kwa kuonyesha jinsi inavyofanyika, akitumia hamira.

Daktari Mstaafu

Binti, nimesoma yote. Umesema kweli, lakini nina wasiwasi. Kuna watu humu wana figo zilizoharibiwa na presha au kisukari kwa miaka 10. Watasoma hapa waache kliniki wakisubiri seli zirudi.

Mwanamaabara

Daktari, shikamoo, na nashukuru umelisema.

Wakuu, nisikilizeni hapa. Niliyoandika ni ya figo iliyojeruhiwa ghafla: damu kumwagika, kuharisha sana, malaria kali, sumu, dawa. Figo iliyoliwa na presha au kisukari kwa miaka, nikiiweka kwenye slaidi sioni seli zilizovimba. Naona kovu, machujio yamegeuka vigololi vya waridi tupu, mirija imesinyaa. Ile haiwezi kurudi ilivyokuwa. Dawa za presha na sukari zinalinda machujio yaliyobaki, na kila lililobaki ni la thamani. Msiache kliniki.

Na hata aliyepona jeraha la ghafla anabaki na hatari kubwa kidogo ya figo kuchoka huko mbele kuliko mtu ambaye hakuumia. Wifi tunampima presha na kreatinini (taka ya kwenye damu inayopanda figo zikishindwa kazi) kila baada ya miezi 6, na hamezi dawa ya maumivu bila kuuliza.

Daktari Mstaafu

Marahaba. Sasa nimeridhika. Huyo wa zamu aliyesema zimekufa, nadhani naye alikuwa amechoka. Lakini tulifundishwa kusema "zimesimama", na neno lilikuwepo.

Kijana wa Mwenge

Nimempigia mzee. Amesema kesho tutaongea. Nitaleta mrejesho.

Nesi Zamu ya Usiku

Mwanamaabara, kreatinini ya mwisho ya wifi ilikuwa ngapi?

Mwanamaabara

79, dada, ya kawaida kabisa. Mtoto ameanza kutembea.